Kwenda Leavesden na Watoto, na Bibi Pia

Shule zikikaribia kufungwa, simu yangu huanza kulia. Mara ni shemeji wa Dar anayeleta watoto, mara ni rafiki wa Nairobi aliyekuja London kwa mkutano na amebakiwa na siku moja mkononi. Salamu zikiisha, swali huwa lile lile: "Kule kwa Harry Potter kunaendwaje?" Nimelijibu mara nyingi hata nimeona bora niliandike, anayetaka asome mwenyewe.

Tuelewane kwanza unakwenda wapi, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Hii si bustani ya michezo. Hakuna bembea wala vile vitreni vya kupanda na kuporomoka huku watu wakipiga mayowe. Hivyo viko Orlando, Marekani. Wala si kile kitoroli cha mizigo kilichozama nusu ukutani pale stesheni ya King's Cross, ambapo watu hupanga foleni wapigwe picha. Unakokwenda ni Leavesden, karibu na mji wa Watford, kiasi cha kilomita 30 kaskazini-magharibi mwa London, kwenye studio zenyewe zilizokuwa makao ya filamu zote nane kwa muda wa miaka kumi hivi kuanzia 2000. Kazi ilipokwisha, kampuni ya Warner Bros. ilibakiza seti, maleba, vinyago na vikorokoro, ikavipanga, na Machi 2012 ikafungulia watu milango.

Kwa hiyo unakwenda kutembelea mahali pa kazi. Mwambie mtoto hivyo tangu nyumbani. Mtoto aliyeahidiwa bembea atanuna baada ya nusu saa, na hutakuwa na la kumfanya, kwani ziara huchukua saa tatu na nusu au zaidi. Aliyeambiwa kwamba anakwenda kuona mafundi walivyoidanganya kamera atazunguka akichungulia nyuma ya kila ukuta. Nimewahi kwenda na watoto wa aina zote mbili, na nauli ilikuwa ile ile.

Kuhusu tiketi, neno ni moja: mlangoni haziuzwi. Tiketi hununuliwa kabla, mtandaoni, na kila moja ina siku na saa yake ya kuingia. Likizo za shule za Uingereza, yaani Pasaka, Julai na Agosti, na wiki za Krismasi, nafasi huisha miezi kabla. Ukiweza kuja siku ya kazi katikati ya wiki wakati watoto wa huku wako darasani, njoo, utapumua. Watoto wa miaka minne kushuka chini hawalipi, lakini lazima nao wakatiwe tiketi ya bure, na kila mwaka kuna mzazi anayelisahau hilo. Ya mtu mzima imekwishapita pauni 50, basi fanya hesabu na familia nzima kabla ya kutoa ahadi mezani. Ipo tiketi ya familia ya watu wanne, watu wazima wawili na watoto wawili, au mtu mzima mmoja na watoto watatu. Ilinganishe na jumla ya tiketi moja moja uone unaokoa nini.

Kama wageni wako bado wanasubiri viza, usinunue. Usitegemee kurudishiwa fedha kwa sababu ubalozi umechelewa. Viza ikitoka na tarehe zote zimejaa, kuna kampuni za mabasi ya watalii zinazouza tiketi pamoja na usafiri kutoka katikati ya London. Utalipa zaidi, ila huo ndio mlango wa pili wa halali. Yule jamaa wa kwenye kundi la WhatsApp mwenye "tiketi mbili za ziada" mwache na tiketi zake.

Saa ya kuingia ichague kwa kuangalia mdogo kuliko wote. Mtoto anayelala mchana mpeleke asubuhi na mapema. Wenye kusali waangalie na nyakati pia: wakati wa baridi adhuhuri na alasiri hukaribiana sana huku, na ukiingia saa sita mchana zote mbili zitakukuta ndani. Sisi huingia asubuhi, tukawahi adhuhuri tukiwa kwenye uwanja wa nje, katikati ya ziara, ambako unaweza kumwomba mfanyakazi akuonyeshe pembe yenye utulivu.

Njia ni rahisi, mradi usiikosee kama nilivyoikosea mimi. Kutoka stesheni ya Euston unapanda treni ya kwenda Watford Junction. Zipo za aina mbili. Ya haraka hufika kwa dakika kama 20. Ya Overground husimama kila kituo na itakula karibu saa nzima ya siku yako. Mara ya kwanza tulitoka Barking, tukashuka Euston Square, tukatembea hadi Euston, nikaiona treni imeandikwa Watford Junction nikawasukuma wote ndani bila kuuliza. Tulisimama vituo ambavyo sikujua kama vipo. Binti yangu wa miaka 13 alikuwa akinisomea saa kwa sauti kila tulipoondoka kituoni, na huo ulikuwa mwanzo wa mwaka mgumu kati yetu. Basi, tazama ubao, hesabu vituo. Na jina lisome mpaka mwisho: Watford ina stesheni zaidi ya moja, na ile ya treni ya chini ya ardhi iitwayo Watford tu siyo. Unataka Watford Junction. Kadi ya benki ya kugusa au Oyster inafika hadi pale, huhitaji kupanga foleni ya tiketi ya karatasi.

Nje ya stesheni utakuta basi la ghorofa la studio, limechorwa picha za filamu, huwezi kulikosa. Linachukua kama robo saa. Wenyewe wanashauri uwe stesheni dakika 45 kabla ya saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na ushauri huo si wa mapambo. Tiketi yako iwe tayari kwenye simu, na simu iwe na chaji. Wenye gari wana maegesho ya bure.

Sasa lile ambalo jamaa zetu hulisema kwa sauti ya chini: uchawi. Mama yangu alipokuja kutoka Tanga na kusikia tunakokwenda, alinitazama kwa muda akasema, "Mwanangu, umri huu niende kutazama wachawi?" Sikubishana naye. Kama kwenu hadithi za namna hiyo hazisomwi kabisa, usimvizie mtu mzima kwa kumwambia mnakwenda matembezi tu. Mweleze, naye aamue. Mimi nilimweleza Mama kwamba filamu ni hadithi ya Hogwarts, shule ya wachawi, na kwamba tunakokwenda ndiko zilikotengenezewa. Akasema atakuja, lakini atakaa mkahawani.

Mkahawani hakukaa. Ziara huanza kwa filamu fupi, kisha kiongozi anasimama mbele ya milango mikubwa na kuuliza nani leo ni siku yake ya kuzaliwa, maana huyo ndiye atakayeifungua. (Kama yupo kwenye familia yenu, msukumeni mbele.) Milango ikafunguka, tukawa ndani ya Ukumbi Mkuu, ule wa meza ndefu na karamu. Watoto wakaangalia meza. Mama akainua kichwa. "Paa liko wapi?"

Paa halipo. Halikuwahi kuwapo. Ile anga yenye nyota unayoiona kwenye filamu iliongezwa baadaye na mafundi wa picha. Pale juu kuna taa, nyaya na mabomba. Mishumaa inayoelea, kwenye filamu ya kwanza walijaribu kuitundika kweli kwa nyaya, moto ukazila nyaya, mishumaa ikaanza kudondoka, wakaona bora nayo itengenezwe kwa kompyuta. Sakafu, kinyume chake, ni mawe ya kweli kutoka Yorkshire, kwa sababu walijua mamia ya watoto wataikanyaga kwa miaka. Chakula mezani mwanzoni kilikuwa cha kweli vilevile, mpaka siku zikapita chini ya joto la taa na ukumbi ukaanza kunuka. Filamu za baadaye wakafinyanga kuku na keki za kuigiza. Haya mweleze mtoto palepale, usingoje nyumbani.

Kuanzia hapo Mama ndiye aliyekuwa kiongozi wetu. Babu yangu alikuwa seremala, na Mama amekulia kwenye harufu ya randa na gundi. Akipita mbele ya seti anaangalia maungio. Tulipofika benki ya Gringotts, ukumbi mrefu wenye nguzo zinazong'aa ambao watu wote huingia wakinong'ona, alisogea mpaka kwenye kamba, akainama, akatoa hukumu: "Hii si marumaru. Hii ni rangi." Alikuwa sahihi.

Ndiyo sababu nasema, kama muda ni mfupi, msiukimbizie kwenye vitu vya kupigia picha. Ufagio wa kupanda mbele ya skrini ya kijani ni mzuri, watoto watacheka, lakini una foleni na picha yake inauzwa. Simameni zaidi kwenye vyumba ambavyo wengi huvipita mbio. Chumba cha kulala cha wavulana, kwa mfano: vitanda vilitengenezwa kwa watoto wa miaka 11, waigizaji wakakua, vitanda havikukua, ikabidi wajikunje na kamera iwekwe mahali ambapo miguu haionekani. Mwanangu wa miaka tisa, anayelala kwenye kitanda cha aina hiyo hiyo, hajaacha kulizungumzia. Ofisi ya mwalimu mkuu ina rafu za vitabu vizee vya ngozi. Ndani ya majalada mengi ni vitabu vya namba za simu. Duka la fimbo limejaa maboksi zaidi ya 17,000, na kila moja limebandikwa lebo kwa mkono. Mwulize mtoto: wewe ungeandika mangapi kabla hujachoka?

Na yule jitu Hagrid. Robbie Coltrane, aliyemwigiza, alikuwa mtu mkubwa, lakini si jitu. Kwa hiyo walijenga vitu kwa vipimo viwili, kimoja kikubwa kumfanya mtoto aonekane mdogo, kingine kidogo kumfanya Hagrid aonekane mkubwa. Na kwa picha za mbali walimvalisha Martin Bayfield, mchezaji wa zamani wa raga wa Uingereza mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, pamoja na kichwa cha bandia chenye mitambo ya kukunja uso. Kichwa hicho kipo, na kwenye idara ya viumbe utaona jinsi manyoya yanavyopandwa unywele mmoja mmoja.

Mapokezi omba kijitabu cha watoto cha kugongea mihuri. Ni cha bure. Njiani kuna vituo vya kugonga, na vimipira vidogo vya dhahabu vyenye mabawa vilivyofichwa ndani ya seti ili watoto wavitafute. Hiki ndicho kilichomfanya kitinda mimba wetu, ambaye filamu hajaziona hata moja, atembee mwenyewe bila kubebwa. Simu za kukodi zenye maelezo ya sauti zipo kwa lugha kadhaa, Kiswahili hakimo. Mtu mmoja kwenye familia atafanya kazi ya kufasiri. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, ambako sauti ya DJ Afro, mfasiri wa filamu, ilikuwa tamu kuliko filamu yenyewe, kazi hiyo hatuioni ngumu.

Tahadhari mbili kwa wenye wadogo. Msitu uliokatazwa una giza, radi na buibui mkubwa kuliko gari, na ndani ya benki kuna joka linalokujia usoni likipuliza moto wa picha, kwa kishindo. Mtoto mwoga mtangulizie habari, au mwombe mfanyakazi akupitisheni pembeni. Vigari vya watoto vinaruhusiwa, ila kuna kichochoro cha maduka kilichotandikwa mawe, na magurudumu madogo hukwama. Kwa wazee, uliza kabla kuhusu kuazima kiti cha magurudumu hata kama bibi anatembea vizuri. Saa tatu za kusimama ni nyingi, na viti njiani ni vichache.

Katikati ya ziara mtatoka kwenye uwanja wa nje, kwenye lile basi refu la zambarau na nyumba ya akina Dursley, jamaa za Harry. Beba koti hata Julai. Kabla hamjatoka hakikisheni mmeona yote ya nyuma, kwani njia ni ya kusonga mbele, usitegemee kurudi. Hapa ndipo pa kula. Bei za mkahawa ni za mkahawa wa watalii. Nje kuna meza, na chakula chako mwenyewe si tatizo. Sisi hubeba chapati, mayai ya kuchemsha na chai kwenye chupa, na sijawahi kuona mtu akitukodolea macho. Kile kinywaji maarufu, bia ya siagi, ni bia kwa jina tu: hakina kilevi hata tone. Ni kitamu kupita kiasi, kina povu, na kikombe kimoja kinawatosha watu wawili. Mama alikionja kwa ncha ya ulimi akasema kimezidi sukari. Vyakula vingine, mwenye kuchunga halali aulize. Hapo hapana aibu.

Nitakuomba uvumilie habari moja ambayo mabango yameiweka pembeni. Mahali hapa hapakuanza kwa ajili ya filamu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hapa palikuwa uwanja na kiwanda cha ndege, na mojawapo ya ndege zilizoundwa hapa ni Mosquito ya kampuni ya de Havilland, ndege ya vita ambayo kiunzi chake kilikuwa cha mbao. Baadaye zikatengenezwa injini za helikopta, kiwanda kikafungwa miaka ya mwanzo ya 1990, na mwaka 1995 ikatoka filamu ya James Bond, GoldenEye, iliyopigwa kwenye mabanda matupu ya kiwanda hicho. Maseremala wa Hogwarts walikuta mahali ambapo mbao zilishawahi kuruka. Nilipomwambia Mama hilo, aliyageukia mabanda na kuyatazama upya, kuanzia juu hadi chini.

Kwa mwisho hifadhini nguvu, na betri. Ukiingia chumba cha modeli ya kasri, miguu itakuwa inauma na wadogo watakuwa wanalia njaa kwa mara ya pili. Ingieni polepole hivyo hivyo. Ni kasri zima la Hogwarts, kwa kipimo cha 1 kwa 24, upana wake kama mita 15, lenye taa ndogo zaidi ya 2,500 madirishani. Liliundwa na wasanii na mafundi 86 kwa ajili ya filamu ya kwanza. Wenyewe walipiga hesabu kwamba saa zote za waliolijenga na kulirekebisha zikijumlishwa zinapita miaka 74. Taa za chumba hubadilika kutoka mchana kwenda usiku. Ngoja mzunguko mmoja uishe. Ukuta wa chumba kinachofuata una maboksi ya fimbo zaidi ya 4,000, kila moja na jina la mtu aliyefanya kazi kwenye filamu hizo, mwigizaji kando ya fundi umeme.

Kisha duka, ambalo halina njia ya kulikwepa. Kila mtoto apewe kiasi chake kabla ya kuvuka mlango na ajue hakuna nyongeza. Fimbo ndizo zinazoondoka haraka, na si rahisi. Majoho ni ghali zaidi, na kwa joto la Dar yatavaliwa mara moja tu. Kadi za posta na chokoleti zinawatosha binamu waliobaki nyumbani.

Mabasi ya kurudi stesheni hupita mara kwa mara. Pandeni ghorofa ya juu, kaeni mbele, na safari hii mchague treni ya haraka. Siku ile wadogo walikuwa wamelala kabla hatujapita Wembley. Mama ndiye aliyebaki macho, amekishika kile kijitabu cha kitinda mimba, akihesabu mihuri kwa kidole. Ulikosekana mmoja.